Karatasi za Rangi kwa Hitma ya Mama

Tangu nirudi, kila anayepita dukani huniuliza Maskati kukoje, na kila mmoja nimemjibu kipande. Matokeo yake ni kuwa barazani imesikika habari ya vigelegele bila ya habari ya karatasi, na sasa nusu ya mtaa inaniuliza bibi harusi atakuja lini. Sikuoa. Naandika yote kwa mpangilio wake, ili anayetaka kucheka acheke kwa kilichotokea kweli.

Mombasa hadi Bombay

Habari za vibali na tikiti naziruka. Hazina ladha kwa msomaji na kwangu zilikuwa chungu. Naanza pale nilipokaa juu ya sanduku langu kwenye sitaha na mji ukaanza kuwa mdogo.

Kazi yangu mnaijua. Nachora nakshi za kofia za viua: natia alama kwenye kitambaa pale tundu litakapotobolewa, kisha mshonaji anazungushia uzi. Wengi hamjui kuwa mshonaji wangu wa kwanza alikuwa mama. Unguja, kwenye ua wetu, mimi nilichora na yeye alishona, na nakshi ikimchukiza aliikunja akaniwekea mapajani bila ya kusema neno. Mwaka wa sitini na nne yeye na dada yangu Zuwena walipanda meli ya Maskati, mimi nikavukia Mombasa. Tuliagana kama watu wanaoachana kwa mwezi mmoja. Mama alifariki kule mwaka jana, mimi sipo.

Barua za dada zilikuwa fupi siku zote. "Mama hajambo, anakusalimu." Halafu ikaja ya mwisho: "Mama ametangulia. Mungu amrehemu." Baada ya hapo, nikiuliza, alinijibu habari za bei ya mchele. Kwa hiyo Maskati ilipofunguka mwaka huu na watu wetu wakaanza kwenda, nilifunga safari kwa haja moja tu. Nilitaka kusikia mama aliishi vipi miaka ile mitano, na alikwenda vipi. Tena hitma yake ya mwaka, kisomo cha kumrehemu, ilikuwa inakaribia.

Nilibeba mkebe wa bati uliojaa muhogo mkavu, kwa kuwa niliambiwa kule haupatikani. Jirani yangu wa sitaha alikuwa mama wa Kihindi aliyekuwa na chupa ya achari ya embe. Tukabadilishana. Achari yake nilikula na wali mpaka Bombay. Yeye aliuma kipande cha muhogo, akakigeuza, akaniuliza kwa adabu sana ni mti gani huo na unatibu nini.

Bombay, kungoja

Meli ya Ghuba haikuwapo. Kila asubuhi nilikwenda kwenye lango la bandari, na karani alinitazama kwa huruma akasema, "Kesho." Nililala kwenye nyumba ya wasafiri Waislamu, chumba kimoja na mahujaji waliochelewa na mfanyabiashara wa manukato aliyenukia zaidi ya bidhaa yake.

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilitembea madukani. Nikapata duka linalouza karatasi za tiara, zile nyembamba ambazo mwanga unapita: nyekundu, kijani, zambarau, waridi kali. Mbele yangu alikuwa mzungu mmoja mnene, mweusi wa jua, ana masharubu mazito, ananunua rundo zima. Begani alikuwa amevaa mashada ya maua ya rangi ya machungwa, yale ambayo Mabaniani huvisha masanamu yao. Mwenye duka alimuuliza ameingia dini gani. Yule mtu akacheka, akasema kwa Kiingereza cha kuokoteza, "Maua haya ya kwetu. Nyinyi mmeyaazima."

Mwenye duka hakuamini, na mimi sikuamini. Baadaye nilisoma kwenye kitabu cha mimea kuwa alikuwa amesema kweli.

Baharini

Meli ilipokuja, yeye pia alikuwamo. Jina lake Anselmo, mtu wa Meksiko, fundi wa mitambo ya kuchimbia mafuta, anakwenda Bahrain. Si mzungu, alinisahihisha, na akaonekana kuumia kidogo. Kiingereza chake na changu vilitosheleza, maana sote wawili tulijifunza vitabuni na tulisema polepole.

Siku ya pili kutoka Karachi, baada ya chai ya asubuhi, alikaa chini karibu na mahali pangu, akakunja karatasi nyingi pamoja, akaweka ubao chini yake, akaanza kuzikata kwa patasi ndogo na nyundo. Alikuwa anaharibu. Patasi ilikuwa butu na karatasi za ndani zinachanika. Mtu wa kazi yangu hawezi kutazama jambo kama lile akanyamaza. Nilimwazima kisu changu cha kukatia nakshi na sindano nene ya kutobolea viua. Alivijaribu, akanitazama kama mtu aliyekuta ndugu.

Alipokunjua karatasi ya kwanza, nilishtuka. Ilikuwa mifupa. Mifupa kamili ya binadamu, fuvu na mbavu, imepanda baiskeli, na pembeni yake maua na ndege, yote yamebakishwa kwa karatasi na kutengwa kwa matundu. Ya pili ilikuwa mifupa ya mwanamke aliyevaa kofia pana, anauza mikate. Na wote wanacheka.

"Ni nini hii?" nilimuuliza.

"Ni mama yangu," alisema. "Aliuza mikate."

Alinieleza kuwa kwao kuna siku, mwanzoni mwa Novemba, ambapo watu huwawekea wafu wao meza: picha ya marehemu, maua yale ya machungwa ili ayafuate kama njia, chakula alichokipenda, na juu karatasi zilizokatwa namna ile. Huzitundika palipo na upepo. Hawalii siku hiyo, au wanalia na kula pamoja.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nilimuuliza mbona fuvu lina meno yote.

"Mama yangu alikuwa na mawili tu," alisema Anselmo. "Mimi nimemrudishia."

Tulicheka mpaka baharia akaja kutazama. Nakiri kuwa kama kazi ya kuchora niliipenda mno. Kofia ya viua na karatasi ile ni kazi ya namna moja: unachora kwa kuondoa. Alinifundisha kukunja ili pande mbili zifanane, na kuacha vishikio vyembamba ili ua lisianguke. Mimi nilimfundisha kupanga matundu kwa safu, kutoka dogo hadi kubwa, ili jicho lisafiri.

Alipomaliza meza yake, ambayo ilikuwa sanduku la machungwa lililopinduliwa, aliweka mkate wa meli na kikombe cha kahawa. Akaniuliza, "Na wako? Ana picha?"

Nikamwambia picha zote zilibaki Unguja kwenye kabati.

"Basi alipenda kula nini?"

Nikafungua mdomo, nikaanza: mkate wa kumimina, muhogo wa nazi, samaki wa kupaka. Kisha nikagundua kuwa nayataja ya kabla ya mwaka wa sitini na nne. Alichokipenda baada ya hapo sikukijua.

"Hujui?" aliuliza.

"Dada yangu anajua."

"Basi muulize," alisema, kana kwamba ni jambo jepesi. Akanipa nusu ya karatasi zake zilizobaki.

Kushuka Maskati

Meli hutia nanga nje, na abiria hushushwa kwa mashua chini ya majabali meusi na ngome mbili zinazotazamana. Joto hata Novemba linakupokea kabla ya watu. Mkaguzi wa mizigo alifungua bati langu, akatoa kipande cheupe kikavu, akakigonga mezani.

"Shu hadha?" Nini hiki?

"Chakula."

"Cha nani? Punda?"

Nyuma yangu mpagazi mmoja, mtu wa makamo, akaweka chini gunia alilobeba. "Muhogo!" alisema kwa Kiswahili, sauti imempanda. "Wallahi ule muhogo! Sheikh wangu, umetokea wapi?" Alikuwa mzaliwa wa Wete. Nikampa kipande. Hakungoja maji wala moto. Alikitafuna hivyo hivyo, mkavu kama chaki, amefumba macho, na mkaguzi akamwangalia, akafunga bati, akanipungia mkono nipite.

Gari la Land Rover lilinichukua kupitia Matrah na Ruwi hadi Hamriya. Njia ni vumbi na mawe, lakini kila mahali walikuwa wanachimba na kujenga, na kila abiria alikuwa na habari ya jambo jipya litakalokuja.

Hamriya

Dada Zuwena anakaa kwenye nyumba ya udongo yenye paa la makuti ya mtende, na ua mdogo mbele. Mume wake alifariki zamani, Unguja. Alinipokea kwa kunishika uso kwa mikono miwili, akasema nimekonda, akaenda jikoni. Nilikuta sahani ya wali na papa mkavu, tende, na kahawa chungu ya iliki. Vyote vilikuwa vitamu. Ila mazungumzo hayakuwapo.

"Dada, mama alikuwa akipenda kula nini huku?"

"Chakula."

"Aliugua nini?"

"Uzee."

"Mwisho alisema nini?"

"Khamis, kunywa kahawa yako inapoa."

Siku ya pili vivyo hivyo. Nilijaribu kwa njia ya mbali, nikamuuliza habari ya majirani, nikidhani nitafika kwa mama kwa kupitia kwao. Hakuwa na habari za majirani. Alikuwa anawaamkia na kufunga mlango. Nilikumbuka kuwa hata utotoni yeye ndiye aliyekuwa akitunza siri zetu, na sasa nilijuta kumsifia kwa hilo.

Basi nilikaa uani, nikatoa karatasi za Anselmo, nikaanza kukata. Nilijiambia kuwa kama siwezi kuzijua siku za mama, angalau nitazitundikia kitu siku ya hitma. Nilifikiri kwa makini kama kawaida yangu. Mifupa haiwezekani, watu wa nyumba yetu hawatundiki sura ya maiti, na wasomaji wa Kurani wangeondoka. Kwa hiyo niliondoa mifupa. Mahali pa fuvu nikaweka nakshi alizozipenda mama: ua la mkarafuu, mwezi na nyota, kikuba cha asumini. Nilibakisha rangi na kamba. Nilijiona nimelitatua jambo.

Asubuhi ya hitma dada alikuwa anapiga bokoboko la ngano na nyama, mikono yote miwili kwenye mwiko, jasho linamtoka.

"Dada, nitundike kitu uani kwa ajili ya mama?"

"Tundika utakacho," alisema bila ya kugeuka. "Mradi usinigusie sufuria."

Nikatundika kutoka mlangoni hadi ukutani, kamba tatu. Upepo ukazishika. Zilikuwa nzuri, na ninaweza kusema hivyo kwa kuwa nakshi nyingi zilikuwa za mama.

Vigelegele

Sasa, nyinyi mliokulia Unguja mmeshaona kosa langu, na mimi niliyepamba nyumba za harusi tangu kijana sikuliona. Karatasi za rangi kwenye kamba, mlangoni, maua na asumini. Mtu wetu akiona kitu kama hicho hajiulizi mara mbili. Kitu pekee kilichosema kuwa zile ni za maiti ni mifupa, na mifupa nilikuwa nimeiondoa kwa mkono wangu.

Wa kwanza kuingia alikuwa Bi Thuraya, jirani wa ukuta wa pili, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kufikia Ruwi. Alisimama mlangoni, akatazama karatasi, akanitazama mimi nimekaa kwenye mkeka na kanzu yangu safi, akapiga kigelegele.

"Mabruk! Mabruk, Zuwena! Ah, mwanamke wewe! Miaka yote umejifunga kama bweta, kumbe unangoja kuturusha roho!"

Wakaingia wengine watatu nyuma yake. Mmoja alikuwa na kisahani cha halwa. Wote wakapiga vigelegele.

"Na bwana harusi ndo huyu?" Bi Thuraya alinikagua kutoka kofia hadi miguu. "Mashallah. Ujana umempita, lakini mbao bado nzima."

"Mimi…" nilianza.

"Kaa kimya, mwanangu, bwana harusi hasemi. Ametokea wapi? Siku mbili nnaliona kanzu lake kwenye kamba, nikasema hapa pana jambo."

Dada alitoka jikoni na mwiko mkononi, bokoboko linadondoka. Akatazama karatasi kwa mara ya kwanza. Akawatazama wanawake, halwa, na mimi.

"Thuraya," alisema polepole, "huyu ni ndugu yangu. Tumbo moja. Leo ni hitma ya mama."

Bi Thuraya akaziba mdomo kwa shela. "Astaghfirullah. Astaghfirullah, shoga, nisamehe. Sisi tunajuaje? Wewe husemi neno! Hukutwambia kama una ndugu, hukutwambia hitma. Mtu unapanda juu ya paa na debe la maji jua linawaka, hutwambii kwa nini! Tutajua lipi?"

Nilimwona dada anabadilika uso. Nilidhani atafukuza watu. Akaanza kutetemeka mabega, akakaa chini pale pale mlangoni mwa jiko, na nikatambua kuwa anacheka. Alicheka mpaka mwiko ukamtoka mkononi. Wanawake wakacheka kwa hofu, kisha kwa raha. Halafu kicheko chake kikawa kilio, bila ya kituo katikati.

"Debe gani, dada?" nilimuuliza.

Debe

Alieleza mbele yetu sote, na amekaa chini.

Miezi ya mwisho, alisema, mama alirudi Unguja. Mwili uko Hamriya, akili iko nyumbani. Kila asubuhi aliuliza, "Mvua imenyesha?" Na hapa, mnajua, mvua inakuja inapotaka, na mwaka ule haikutaka. Akiambiwa hapana, hakula. Alisema anafichwa, akauliza amekosa nini.

"Basi nikachukua debe," alisema dada, "nikalitoboa matundu kwa msumari. Nikapanda ngazi nikamwaga maji juu ya makuti. Maji ya kununua kwa mwenye punda, Khamis. Akasikia. Akaniita: 'Zuwena, mvua?' Nikamwambia, 'Mvua, mama.' 'Anueni nguo!' Basi nikateremka mbio kwenda kuanua nguo. Jua linawaka, nguo kavu kama papa, na mimi nakimbia nazo. Akila hapo. Akila vizuri."

"Na sisi tunakuona," alisema Bi Thuraya kwa sauti ndogo. "Tulisema maskini, jua limemchukua."

"Nnajua mlisema. Ndo maana nikafunga mlango."

Nilimuuliza mbona hakuniandikia. Alinitazama kwa hasira ya kweli, ya kwanza tangu nifike.

"Nikuandikie nini? Umetoka Mombasa unangojea wasia. Mtu anangojea aambiwe mama alitoa shahada, alimuombea. Maneno yake ya mwisho alikuwa anasema anueni nguo. Nilimdanganya mama yangu mpaka amekufa, na wewe ntakupa kitu gani?"

Bi Thuraya aliokota mwiko, akaufuta, akaingia jikoni kumalizia bokoboko lisishike.

"Alinitaja?" nilimuuliza.

"Kila siku. 'Mwambieni Khamis aingize kofia, zitalowa.'"

Nilikwenda kusimama karibu na ukuta. Unguja tulikuwa tukizianika kofia zilizotiwa wanga juu ya vibao, na kazi ya kuziingiza mvua ikija ilikuwa yangu. Ina maana miezi yote ile alikuwa ananisikia niko uani.

Nilipotaka kuziteremsha karatasi kabla ya wasomaji kuja, dada alinizuia. "Ziache. Ila hiyo ya kati toa, ina mwezi, mama hakuwa akipenda miezi." Hilo sikulijua. Akachukua karatasi tupu ya kijani, akaikunja ovyo, akaomba sindano yangu ya viua. Hakuchora kitu. Alitoboa tu, kutoka juu hadi chini, matundu membamba ya mshazari, mengi, bila ya kuhesabu safu. Alipoikunjua ilikuwa mvua. Nimechora nakshi tangu utoto na sijawahi kufikiri kuchora mvua. Tukaitundika katikati.

Wasomaji walikuja baada ya alasiri. Mzee mmoja aliinua macho, akauliza za nini. Dada alimjibu kutoka ndani, "Za mama." Mzee akaitikia kwa kichwa, akafungua juzuu yake. Bi Thuraya na wenzake walipakua, na hawakuondoka mpaka sahani za mwisho zikaoshwa.

Matrah, kuondoka

Siku zilizobaki dada hakunyamaza. Alianza kwenye kahawa ya asubuhi na alikuwa bado anasema nikienda msikitini. Mama alivyoipenda nyama ya papa baada ya kuitukana mwaka mzima. Mama alivyogombana na mwenye punda kwa Kiswahili na yeye kwa Kibalushi, wakaelewana. Siku aliyopelekwa Sib kuona pwani, akasema bahari yao imepinduliwa, jua linazama bara. Muhogo wangu tuliupika kwa nazi ya kopo, na Bi Thuraya alikula akiuliza huu ndio watu wanaoulilia. Tukamwambia ndio. Akasema basi watu wana haki ya kulia.

Siku ya kuondoka dada alinisindikiza hadi ufukweni Matrah, na njia nzima alikuwa anasimulia kisa cha mama na mshonaji mmoja wa kofia wa hapo sokoni, ambaye mama alimrudishia kazi bila ya kusema neno, kwa namna yake ile. Mashua ilikuwa inangoja. Mwenye mashua aliita mara ya kwanza na ya pili. Dada hakumsikia, au hakutaka. Mara ya tatu nilipanda, na yeye akaingia majini mpaka vifundoni, anaendelea.

"Basi yule fundi akamwambia, bibi, mimi nimeshona miaka na miaka! Na mama akachukua ile kofia, akai…"

Upepo ukachukua iliyobaki. Mashua ilikuwa imeshageuka. Nilimwona bado anasema, mdomo unakwenda, na mikono yake inanionesha kitu cha mviringo, inakikunja, inakiweka juu ya kichwa cha mtu asiyekuwepo, kisha anacheka peke yake ndani ya maji. Nilicheka na mimi, ingawa mwisho wa kisa sikuusikia.